Mgonjwa Haulizwi Uji: Kadhia ya Terri Schiavo na Mvutano wa Mihimili ya Dola

Wahenga walinena: mgonjwa haulizwi uji. Aliye hoi kitandani hasumbuliwi kwa maswali. Huinuliwa kichwa, akanyweshwa. Methali hii imesimama juu ya mambo matatu ambayo msemaji wake hakuona haja ya kuyataja: kwamba mgonjwa mwenyewe angeupenda uji lau angeweza kusema, kwamba jamaa waliozunguka kitanda ni wa kauli moja, na kwamba uji ni chakula, haujageuka kuwa kazi ya tabibu na mrija wake. Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, baina ya mwaka 1990 na 2005, mambo yote matatu yaliporomoka mbele ya mgonjwa mmoja. Swali la kumlisha au kutomlisha lilitoka chumbani kwake likafika kwa hakimu, kwa gavana, kwa Bunge la nchi nzima, na hatimaye kwa Rais aliyetia saini sheria usiku wa manane.

Kadhia hiyo ni ya Theresa Marie Schiavo, aliyejulikana duniani kwa jina la Terri. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya nani alimpenda zaidi, mumewe au wazazi wake, nayo si ya mtu wa mbali kuyahukumu. Linalotushughulisha hapa ni jingine. Jamaa wanapogombana juu ya pumzi za mwisho za mtu wao, neno la mwisho ni la nani: la hakimu aliyewasikiliza mashahidi, au la wawakilishi waliochaguliwa kwa kura za watu?

Nyumba iliyogawanyika

Terri alizaliwa mwaka 1963 katika jimbo la Pennsylvania, binti wa familia ya Kikatoliki ya Schindler. Mwaka 1984 aliolewa na Michael Schiavo, na baada ya miaka miwili wakahamia Florida. Alfajiri ya tarehe 25 Februari 1990, akiwa na umri wa miaka 26, alianguka nyumbani kwake. Moyo ulisimama, na hata uliporejeshwa kupiga, ubongo ulikuwa umekwisha kukosa hewa kwa dakika nyingi. Hakufa, wala hakurudi. Alipumua mwenyewe, alilala na kuamka, macho yalifumba na kufumbuka; lakini waganga waliomtibu walisema kwamba utambuzi umeondoka na hautarajiwi kurejea. Chakula na maji vilimfikia kwa mrija uliotiwa tumboni.

Miaka ya mwanzo mume na wakwe walikuwa pamoja. Mahakama ilimteua Michael kuwa mlezi wa mkewe kisheria na wazazi hawakupinga. Alimpeleka hadi California kwa tiba ya majaribio, akatiwa kifaa cha umeme ubongoni, isifae kitu. Mwanzoni mwa mwaka 1993, kutokana na shauri la uzembe wa matabibu, ilipatikana fidia: zaidi ya dola 750,000 zikawekwa amana kwa matunzo ya Terri, na dola 300,000 akapewa Michael. Mwezi uliofuata mkwe na wakweze waligombana, na hawakupatana tena. Kila upande ukawa na simulizi yake: huyu akidai kwamba wenzake walitaka fedha, wale wakidai kwamba mwenzao amechoka na mgonjwa. Baadaye wazazi waliongeza kwamba Michael amekwisha kupata mwanamke mwingine na kuzaa naye, basi vipi aendelee kuwa msemaji wa mke aliyelala?

Mwezi Mei 1998 Michael alikwenda mahakamani. Hakuomba ruhusa ya kuuondoa mrija kwa uamuzi wake. Aliiomba mahakama iamue iwapo uondolewe. Wazazi walipinga, wakasema wako tayari kumlea binti yao maisha yao yote.

Njia iliyokwisha kukatwa

Hakimu aliyelipokea shauri hilo hakuanzia msituni. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey ilikuwa imemruhusu baba wa msichana Karen Ann Quinlan kumwondolea binti yake mashine ya kupumulia. Mashine iliondolewa, na Karen, kinyume cha matarajio ya wengi, akapumua mwenyewe akaishi hadi mwaka 1985, akilishwa kwa mrija. Wazazi wake waliikataa mashine ya pumzi lakini hawakuukataa uji. Hapo ndipo mpaka ulipokuwa: hewa ya mtambo ni tiba, chakula ni chakula.

Mpaka huo ulivukwa mwaka 1990. Mwezi Juni, miezi minne tu baada ya Terri kuanguka, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Nancy Cruzan wa Missouri, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hukumu ilichukulia kwamba mtu mwenye akili timamu ana haki ya kukataa hata lishe ya mrija. Ila kwa asiyeweza kusema, jimbo lina haki ya kudai ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha kwamba ndivyo alivyotaka. Septemba ya mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Florida ikaamua, katika shauri la bibi kizee aitwaye Browning, kwamba haki ya faragha iliyomo katika katiba ya jimbo inamruhusu mtu kukataa mrija, na kwamba mlezi wake anaweza kuitekeleza haki hiyo kwa niaba yake. Basi Terri alilala chini ya sheria moja, na kesi yake ikasikilizwa chini ya nyingine.

Wasia usioandikwa

Januari 2000 hakimu George W. Greer wa Kaunti ya Pinellas alilisikiliza shauri. Hakuulizwa iwapo maisha ya Terri yana thamani, wala iwapo Michael ni mume mwema. Aliulizwa jambo moja: Terri mwenyewe angetaka nini?

Kwetu mwambao neno wasia ni pana. Wasia ni mali, na wasia ni maneno. Na mengi ya maneno hayo hayakuandikwa, yalihifadhiwa na masikio ya waliokuwapo. Terri hakuacha karatasi. Alikuwa kijana, na vijana hawaandiki mambo ya kufa. Mumewe, shemeji yake na wifi yake walishuhudia kwamba katika mazungumzo ya kawaida, penye mazishi na penye televisheni, alisema hataki kuishi kwa mitambo. Mama yake na rafiki yake wa zamani walishuhudia kinyume: kwamba habari za Karen Quinlan zilipotajwa, Terri alisema aachwe aishi. Hivyo msichana aliyelala New Jersey akawa shahidi asiyeonekana katika kesi ya mwenzake wa Florida.

Tarehe 11 Februari 2000 Greer aliamua kwamba ushahidi wa upande wa mume umefikia kile kiwango cha uwazi na kuridhisha. Rufaa zikakatwa, zikashindwa. Aprili 2001 mrija uliondolewa, na baada ya siku mbili ukarejeshwa kwa amri ya hakimu mwingine, wazazi walipoleta madai mapya. Mwaka 2002 waliitwa waganga watano: wawili wa mume, wawili wa wazazi, mmoja wa mahakama. Wawili wa wazazi walisema Terri angeweza kupata nafuu. Watatu waliobaki walisema utambuzi haupo. Ulioneshwa na mkanda wa video ambamo macho yake yalionekana kulifuata puto. Hakimu aliutazama mkanda wote, wa saa kadhaa; wananchi waliuona baadaye katika vipande vya dakika chache. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyetazama saa kadhaa aliona macho yasiyofuata kitu mara nyingi kuliko yaliyofuata; aliyetazama dakika chache aliona binti anayemtazama mama yake. Na ni hawa wa dakika chache waliowapigia simu wabunge wao.

Sheria ya mtu mmoja

Tarehe 15 Oktoba 2003 mrija uliondolewa mara ya pili. Siku sita baadaye Bunge la Florida lilipitisha sheria ambayo watu waliiita Sheria ya Terri, kwa kura 68 dhidi ya 23 katika Baraza la Wawakilishi na 23 dhidi ya 15 katika Seneti. Gavana Jeb Bush akatoa amri siku hiyo hiyo, na mrija ukarudi.

Sheria hiyo inafaa kusomwa kama mshairi asomavyo ubeti, kwa kupima kila neno. Ilimpa gavana uwezo wa kuzuia kuondolewa kwa lishe ya mgonjwa asiye na wasia wa maandishi, ambaye mahakama imekwisha kuthibitisha kwamba hana utambuzi, ambaye lishe yake imekwisha kuondolewa kufikia tarehe 15 Oktoba 2003, na ambaye jamaa yake amepinga. Uwezo huo ungekwisha baada ya siku kumi na tano. Jina la Terri halimo katika masharti hayo. Lakini nguo ilikuwa imeshonwa kwa kipimo cha mwili mmoja, na hapakuwa na mwingine wa kuivaa.

Septemba 2004 Mahakama ya Juu ya Florida iliibatilisha, majaji wote saba kwa kauli moja. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Barbara Pariente, ilikiri wazi uchungu wa familia, kisha ikaeleza sababu mbili. Ya kwanza: Bunge haliwezi kuifuta hukumu iliyokwisha kukamilika baina ya watu wenye shauri, likifanya hivyo limekaa katika kiti cha hakimu. Ya pili: Bunge limemkabidhi gavana mamlaka bila kumwekea kipimo, aamue apendavyo lini azuie na lini aachilie. Januari 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kulisikiliza jambo hilo.

Usiku wa Jumapili ya Matawi

Tarehe 18 Machi 2005 mrija ukaondolewa mara ya tatu. Asubuhi ya siku hiyo kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilikuwa imetoa hati za wito, mojawapo ikimwita Terri mwenyewe afike mbele yake, kwa matumaini kwamba aliyeitwa na Bunge hawezi kuguswa. Greer alikataa kuahirisha. Kiongozi wa wengi katika Seneti, Bill Frist, aliye daktari wa upasuaji wa moyo, alikuwa amesimama ukumbini na kuutilia shaka uamuzi wa waganga baada ya kutazama video.

Jumapili ya tarehe 20 Machi, ambayo kwa Wakristo ilikuwa Jumapili ya Matawi, Seneti ilipitisha mswada ikiwa na maseneta watatu tu ukumbini. Baraza la Wawakilishi lilikutana, na saa sita na dakika arobaini na moja usiku likapiga kura: 203 dhidi ya 58. Rais George W. Bush, aliyekatiza mapumziko yake Texas na kurudi Washington, alitia saini nusu saa baadaye. Sheria hii haikuficha jina: ilijiita sheria ya kuwapa nafuu wazazi wa Theresa Marie Schiavo.

Haki inataka tuseme pia yale yaliyowasukuma. Hawakuwa wa chama kimoja. Wademokrati 47 walipiga kura ya ndiyo pamoja na Warepublican 156. Watetezi wa watu wenye ulemavu walikuwamo, na Seneta Tom Harkin wa Iowa, Mdemokrati aliyepigania haki zao kwa miaka mingi, aliunga mkono. Hoja yao ilikuwa nzito: mtu aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuua hupewa nafasi ya kesi yake kutazamwa upya na mahakama ya shirikisho, vipi asiye na hatia akose? Na tukizoea kusema kwamba aliye kimya angependa kufa, nani atamlinda mlemavu asiye na pesa wala mume wala mama?

Sheria iliipa mahakama ya shirikisho uwezo wa kuyasikiliza madai ya wazazi upya, kana kwamba majaji wa Florida hawakusema kitu. Lakini neno moja halikuwamo. Rasimu ya awali ilimlazimisha jaji aamuru mgonjwa alishwe wakati kesi ikisikilizwa. Sharti hilo liliondolewa ili maseneta waliokuwa na wasiwasi waridhie. Kwa hiyo jaji James Whittemore alipoipokea kesi, alitumia kipimo cha kawaida: je, wazazi wanaelekea kushinda? Tarehe 22 Machi akasema hapana. Mahakama ya Rufaa ya Atlanta ikakataa, na Mahakama ya Juu ikakataa. Tarehe 30 Machi, jaji Stanley Birch wa mahakama hiyo ya rufaa, aliyeteuliwa na Rais Bush baba, aliandika kwamba sheria hiyo inakwenda kinyume na mpango wa waasisi wa nchi, maana imewaelekeza majaji namna ya kuamua kesi moja. Kesho yake, tarehe 31 Machi 2005, Terri alifariki akiwa na umri wa miaka 41. Ilikuwa tarehe ile ile ya mwezi ambayo New Jersey ilitoa hukumu ya Karen Quinlan, miaka 29 kabla.

Kiongozi wa wengi katika Baraza la Wawakilishi, Tom DeLay, alitamka kwamba waliohusika wangekuja kujibu kwa matendo yao, na wengi walifahamu kwamba waliokusudiwa ni majaji. Greer, Mrepublican kama gavana na kama Rais, alikuwa akitembea na walinzi kwa sababu ya vitisho, na kanisa alilokuwa akisali aliliacha. Mwezi Juni matokeo ya uchunguzi wa maiti yalitangazwa: ubongo ulikuwa na gramu 615, kama nusu ya uzito uliotarajiwa, sehemu ya kuonea ilikuwa imeharibika, hivyo macho yaliyodhaniwa kulifuata puto hayakuwa yakiona, na alama za kudhulumiwa na mumewe hazikupatikana. Uchunguzi huo ulijibu swali la tiba. Swali la nani mwenye neno la mwisho ulikuwa haukuletewa.

Kioo cha Italia

Labda msomaji atasema kwamba fujo ile ilitokana na ugomvi wa nyumbani. Lau jamaa wangepatana, dola isingeingia. Italia inatuonesha vinginevyo. Eluana Englaro wa Lecco aliumia katika ajali ya gari Januari 1992, akiwa na miaka 21, akabaki katika hali kama ya Terri. Huko baba na mama walikuwa na kauli moja, na tangu mwaka 1999 baba, Beppino, aligonga milango ya mahakama kwa jina la binti yake. Oktoba 2007 Mahakama ya Kasesheni iliweka masharti mawili: hali isiyo na marejeo, na ushahidi wazi wa matakwa ya mgonjwa. Julai 2008 Mahakama ya Rufaa ya Milano ikaruhusu.

Hapo Bunge lilijibu kwa njia ya kisheria: mabaraza yake yote mawili yalikwenda Mahakama ya Katiba yakilalamika kwamba majaji wamejitwalia kazi ya kutunga sheria. Mahakama ilikataa malalamiko hayo, na ikaongeza neno la hekima: hakuna kinacholizuia Bunge kutunga sheria juu ya jambo hili wakati wowote. Bunge halikutunga kwa wakati. Tarehe 6 Februari 2009, Eluana alipokuwa amekwisha kupelekwa Udine, serikali ya Silvio Berlusconi ilipitisha amri ya dharura ya kumzuia. Rais Giorgio Napolitano alikataa kutia saini, kwa hoja kwamba amri ya dharura haiwezi kutumika kupingana na hukumu iliyokamilika. Serikali ikakimbilia Seneti na mswada. Maseneta walikuwa bado wanajadili, jioni ya tarehe 9 Februari, habari ilipofika kwamba Eluana amekufa.

Marekani, Rais alitia saini. Italia, Rais alikataa. Mwisho wa wagonjwa ulikuwa mmoja, lakini mwisho wa katiba haukuwa mmoja. Washington, ilibidi majaji wa ngazi tatu waukatae mkono wa Bunge hadharani, nao wakatukanwa kwa hilo. Roma, kalamu iliyowekwa chini iliwaepusha majaji na kazi hiyo.

Kanuni na hukumu

Sheria husemwa na watu kwa ajili ya wasiowajua: wagonjwa wa kesho, wasio na jina bado. Hukumu husemwa kwa mwenye jina, baada ya walio na habari zake kuapishwa na kuulizwa. Mtunga sheria hana mashahidi; ana simu, barua na mikanda ya dakika chache. Hilo si kosa lake, ndiyo kazi yake ilivyo. Kosa ni pale anapoichukua hali hiyo kuwa inamtosha kuamua habari ya mtu mmoja aliyetajwa.

Hata hivyo mahakama nazo hazina ujuzi wa yote. Hoja ya Harkin na wenzake ilikuwa hoja ya sheria, na mahali pake ni Bungeni. Kama kiwango cha ushahidi ni chepesi, Bunge laweza kukipandisha kwa wote. Kama maneno yaliyosemwa penye televisheni hayatoshi kumwondolea mtu chakula, Bunge laweza kudai maandishi. Kama mlezi mwenye nyumba nyingine hafai, Bunge laweza kusema nani afaa. Florida ingeweza kuyafanya hayo mwaka 1999, kabla jina halijaingia katika magazeti; mwaka 2003 ilikuwa imechelewa kwa Terri, lakini si kwa wengine. Italia ilichukua muda, ila ilifika: sheria nambari 219 ya Desemba 2017 inampa kila mtu mzima nafasi ya kuandika mapema tiba anazozikubali na anazozikataa, lishe ya mrija ikiwamo, na kumteua wa kumsemea.

Methali yetu bado ni ya kweli kwa uji wa kijiko na mgonjwa atakayepona. Kwa mrija wa miaka kumi na mitano haitoshi, maana mgonjwa huyo lazima aulizwe, na ulimi wake haupo. Terri aliulizwa kupitia watu watano waliosikia maneno yake, na watu hao hawakukubaliana. Mabunge mawili, gavana na Rais hawakuweza kuongeza hata neno moja katika yale aliyoyasema alipokuwa mzima. Angeweza kuliongeza yeye peke yake, kabla ya alfajiri ile ya Februari, kwa mistari miwili ya kalamu au kwa kauli mbele ya mume na mama wakiwa wamekaa pamoja.